Usiniulize kama mbavu zimevunjika, niambie anapumuaje

SEHEMU YA 1

 

Niliahidi wiki hii tungeendelea na uji wa lishe. Uji utasubiri. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumatatu, na nisipoliandika leo nitaingia zamu nyingine nitalisahau. Nataka tuongee kuhusu kifua. Huku kwetu ukisema "mtoto ana kifua" kila mtu anaelewa kwamba anakohoa, na mtu anakimbilia tangawizi na asali. Mimi naongelea kifua kilichogongwa, kilichobanwa, kilichoangukiwa na kitu. Hicho hakina tangawizi.

Jumamosi jioni mama mmoja wa hapa hapa Mlandege alikuwa anarudi nyumbani kwa bodaboda. Mtoto mdogo yuko mgongoni kwenye mbeleko. Mkubwa, wa miaka sita, kakaa mbele juu ya tangi, kashika usukani kama vile yeye ndiye dereva. Picha hiyo tunaijua wote, tunaiona kila siku na hata tunaifurahia. Bajaji ikaingia barabarani bila taarifa, bodaboda akashika breki, pikipiki ikalala. Mwendo wenyewe ulikuwa mdogo. Mama akachubuka kiwiko, wa mgongoni hakupata kitu, wa mbele akajigonga kifua kwenye usukani.

Mama akafanya kile ambacho hata mimi ningefanya kabla sijasomea unesi. Akakagua kichwa, akakagua mikono na miguu. Hakuna damu, hakuna palipovimba. Mtoto alilia, akanunuliwa soda, akanyamaza. Usiku akalalamika ubavu, baba akampeleka duka la dawa, akachomwa sindano ya maumivu, akalala. Jumapili hakwenda kucheza na wenzake. Alikaa kwenye mkeka, mpole, hasumbui mtu. Bibi yake akamshukuru Mungu kwamba kumbe utundu unaweza kupungua.

Jumatatu asubuhi natoka zamu ya usiku, mama ananiita getini kwao: "Sista, hebu mshike mbavu, zitakuwa zimevunjika?"

Sikumshika mbavu. Nilimpandisha shati nikatazama, kisha nikatoa simu nikahesabu pumzi dakika nzima. 52. Mtoto wa miaka sita, amekaa kimya, hajakimbia, hana homa. Na kila akivuta hewa, nyama ya katikati ya mbavu inazama ndani. Nikamwambia mama usirudi hata kubadilisha kanga, twende.

Eksirei ilipotoka hakukuwa na ubavu hata mmoja uliovunjika. Hata mmoja. Pafu la kulia lilikuwa limechubuka, na hewa ilikuwa imevuja ikajaa nje ya pafu, pale ambapo hewa haitakiwi kuwepo, ikawa inalibana pafu lisifunguke. Mama akaniangalia kwa uchovu akasema, "Si nilisema hazijavunjika."

Yule mama sio mzembe. Alikuwa anauliza swali ambalo mtaa mzima tunauliza, na kosa liko kwenye swali lenyewe. (Familia imeniruhusu kusimulia, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili msiwatambue. Mtoto yuko wodini na ameanza kudai chipsi, kwa hiyo tulieni.)


SEHEMU YA 2

Kwa nini mtoto aumie ndani bila kuvunjika kitu?

Mmeyaona matenga ya nyanya pale Ilula barabarani. Tenga linasukwa kwa vitu vinavyopinda. Liangushe kutoka juu ya lori: litapinda, litaruka kidogo, litarudi kuwa tenga lile lile. Sasa fungua uangalie nyanya.

Kifua cha mtoto ni tenga la fito mbichi. Binadamu tuna jozi 12 za mbavu, na za mtoto bado ni laini, sehemu kubwa ya mbele ni gegedu. Zikigongwa zinapinda na kurudi, na nguvu yote ya kile kipigo inaishia kwenye nyanya, yaani kwenye mapafu. Kwa hiyo mtoto aliyegongwa kifua akaonekana mbavu nzima hajaponea chupuchupu. Bado hujui. Na kinyume chake: mtoto ambaye mbavu zimevunjika kweli, ujue alipigwa na nguvu kubwa mno, na sisi wodini tunashtuka zaidi.

Bibi ni tenga kavu. Kwake hata kuteleza kwenye ngazi mbili kunatosha kuvunja mbavu tatu. Nitarudi kwa bibi, kwa sababu nina deni naye.

Kitu kingine kinachosahaulika: mbavu za chini hazifuniki mapafu peke yake. Kulia kuna ini, kushoto kuna bandama, na vyote viwili vimejaa damu. Mtoto akijigonga mbavu za chini kushoto, halafu baadaye akasema tumbo linauma, au bega la kushoto linauma wakati bega halikuguswa, anakuwa mweupe midomoni, anasikia kizunguzungu, jasho jembamba, hiyo inaweza kuwa bandama inavuja damu ndani. Bega kuuma kwa sababu ya bandama inasikika kama uchawi, lakini ni neva tu, damu inasumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yanajitokeza begani.

Kinachoharibika ndani ya kifua ni vitu vichache, na vyote vinaishia kwenye pumzi. Hewa inavuja nje ya pafu. Damu inajaa nje ya pafu. Pafu lenyewe linachubuka na kujaa majimaji, kama vile goti linavyovimba. Au mbavu kadhaa zinavunjika kila moja sehemu mbili, kipande cha ukuta kinakuwa kimelegea, mtu akivuta hewa kifua kinapanda lakini kile kipande kinazama. Hiyo ya mwisho ukiiona mara moja huisahau.

Lakini ninachotaka mkikumbuke sana hapa ni muda. Pafu lililochubuka halionyeshi ubaya wake wote siku hiyo hiyo. Linazidi kuwa baya kwa saa 24 mpaka 48. Ndiyo maana Jumamosi mtoto alikunywa soda na Jumatatu anapumua 52. Tunasema "mbona jana alikuwa mzima". Ndiyo, jana.


SEHEMU YA 3

Sasa swali sahihi. Anapumuaje?

Huhitaji mashine. Subiri mtoto atulie au alale, mpandishe nguo mpaka uone kifua na tumbo, washa saa ya simu, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne, watoto wanapumua kwa mafungu, utakosea. Chini ya miezi miwili akifika 60 ni haraka mno. Kuanzia miezi miwili mpaka afike mwaka, 50. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Viwango hivyo ndivyo tunavyotumia kliniki kutafuta nimonia, lakini pafu halichagui, likibanwa na usaha au likibanwa na hewa, mtoto atapumua haraka vilevile. Mtoto wa shule akifika 30 akiwa ametulia, mimi silali. Mtu mzima kawaida yake ni 12 mpaka 20. Akifika 30 msisubiri kesho.

Ukishahesabu, tazama. Nyama ya katikati ya mbavu inazama? Pua zinatanuka? Upande mmoja wa kifua unapanda, mwingine umelala? Anaongea maneno mawili anapumzika? Kwa ngozi zetu hizi usitafute ububuluu usoni, hutauona. Mfunue mdomo utazame ulimi na ndani ya midomo, halafu kucha. Akikohoa damu, akizimia, mishipa ya shingo ikivimba, au ukimgusa ngozi ya kifua au shingo ikawa inatoa mlio wa chwachwa kama unga mkavu ukiubonyeza, hiyo ni hewa imeingia chini ya ngozi. Chochote kati ya hivyo, hospitali, sio duka la dawa.

Sina ugomvi na maduka ya dawa, yanatusaidia sana usiku. Lakini sindano ya maumivu kwa mtoto aliyegongwa kifua bila mtu kumhesabu pumzi ni kuzima king'ora wakati nyumba inaungua.

Njiani: mwache akae anavyotaka mwenyewe. Wengi watataka kuegemea, nusu kukaa, kwa sababu hapo ndipo pafu linapata nafasi. Msimlaze chali kwa nguvu eti ndiyo heshima ya mgonjwa. Isipokuwa kama ameanguka kutoka juu au amegongwa na gari na analalamika shingo au mgongo, hapo msimkunje wala kumgeuza ovyo, ashikwe na watu kadhaa kichwa na mwili vikiwa sawa. Msimpe chakula wala maziwa. Najua maziwa ni dawa ya kila kitu, ila akihitaji kupelekwa chumba cha upasuaji tumbo lililojaa ni hatari.

Kama kuna kitu kimechoma kifua, msumari, kisu, kijiti, USIKITOE. Huenda hicho hicho ndicho kinachozuia damu. Kizungushie nguo kisitikisike, muende hivyo hivyo. Kama kuna tundu linafyonza hewa, usilizibe kwa nailoni wala kulifunga likawa halipitishi hewa, kwa sababu hewa inayovuja ndani itakosa pa kutokea. Damu ikiwa nyingi, gandamiza na kitambaa safi. Ukiona baada ya kufunika anazidi kuhema, fungua.

Usafiri: nimewaona wanaoletwa kwa pikipiki, mgonjwa katikati, mtu nyuma anambana kifua asianguke. Mnambana kifua mtu aliyeumia kifua! Sisi wa mjini hospitali ya mkoa haiko mbali, bajaji moja inatosha, na akae ameegemea. Na kama ni ajali ya barabarani au amepigwa, mtaulizwa PF3. Gawaneni. Mgonjwa na mtu mmoja waende hospitali, mwingine aende polisi. Msiende wote polisi mkapanga foleni na mtu anayehema.

Mjamzito aliyejigonga kifua au tumbo aende hata kama anajisikia vizuri. Alalie ubavu wa kushoto njiani kama anaweza. Hilo halina mjadala.


SEHEMU YA 4

Deni langu.

Miaka miwili iliyopita mama yangu mzazi aliteleza shambani wakati wa mvua, akaangukia jembe kwa ubavu. Akanipigia simu. Nilikuwa zamu, wodi imejaa, nikamuuliza: unaweza kutembea? Ndiyo. Kuna damu? Hapana. Nikamwambia, mama, kunywa parasetamo, pumzika, nitakupigia. Mimi, nesi mwenye stashahada na leseni yangu. Sikumuuliza anapumuaje.

Majirani wakamsaidia kwa walichojua. Wakamkanda na maji ya moto. Akaja mzee mmoja anayesifika kwa kuunga mifupa, akamchua kwa dawa, halafu wakamfunga kanga mbili kifuani, wakakaza sawasawa "ili mbavu zishikane". Maumivu yakapungua kweli, kwa sababu hakuweza tena kuvuta pumzi ndefu. Mwezi ulikuwa wa sita, mnajua baridi la huku mwezi wa sita, wakamwingizia na jiko la mkaa chumbani.

Siku ya tano dada yangu akanipigia akasema mama anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilipofika alikuwa na homa, anapumua juu juu kama kuku wa mchana wa jua. Mbavu tatu zimevunjika, na chini yake nimonia. Alilazwa siku 12. Alipona, lakini hajawahi kurudi kuwa yule aliyekuwa anapanda mlima na ndoo kichwani.

Jamani, nawaomba kwa hili moja: MSIFUNGE KIFUA. Zamani hata mahospitalini walifunga. Tuliacha kwa sababu mbavu hazihitaji kufungwa ili ziunge, zinaunga zenyewe kwa wiki kama sita. Kinachomuua mtu, hasa mzee, ni kwamba anaogopa maumivu, kwa hiyo hapumui kwa kina wala hakohoi, makohozi yanakaa chini ya pafu, yanaoza, yanakuwa nimonia. Kanga inamsaidia kutopumua. Na kuchua ubavu uliovunjika ni kuchukua kijiti chenye ncha na kukisukumia kwenye pafu. Yule mzee ana nia njema na sina maneno mabaya juu yake, mkono na mguu huenda anajua. Kifua akiache.

Ukirudishwa nyumbani na mbavu zilizovunjika (wengi wanarudishwa, na ni sawa kabisa), kazi yako kama mwanamke wa nyumba hiyo ni kuhakikisha anapumua kwa kina hata akikununia. Dawa ya maumivu anywe kwa saa, asisubiri mpaka alie. Mtu mzima wa uzito wa kawaida ni parasetamo mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku. Mtoto ni kwa uzito, muulize aliyemwandikia. Dawa ikishakolea, akumbatie mto mahali panapouma, avute pumzi ndefu mara kumi, ashikilie kidogo, halafu akohoe kwa nguvu huku ameubana ule mto. Kila saa akiwa macho. Alale ameegemea mito. Atembee uani. Jiko la mkaa litoke chumbani, na hilo ni hata kwa wasioumia mbavu, moshi ule usioonekana unaua familia nzima imelala.

Homa ikija, makohozi yakibadilika rangi, au akaanza kuchanganyikiwa kama mama yangu, usinipigie simu mimi. Mpeleke.


SEHEMU YA 5

Hii ni kwa mtakaofika wodini, kwa sababu huko nako tuna vita nyingine.

Juzi daktari alipomwambia yule mama wa Mlandege kwamba mtoto atawekewa mpira kifuani, ukoo mzima ulikataa. Shangazi akasema kwao kuna mtu aliwekewa mpira akafa. Mjomba akasema wasubiri kwanza ushauri wa mtu fulani. Na oksijeni nayo vilevile, "akishawekewa oksijeni ndio basi". Nimelisikia neno hili tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, na kila nikilisikia nachoka upya.

Ni kweli baadhi ya waliowekewa mpira na oksijeni walikufa. Hata waliozima moto mara nyingi wanakutwa kwenye nyumba zilizoungua. Wanaowekewa ni wale ambao hali yao ni mbaya tayari, na mkibishana saa mbili koridoni mnazidi kuifanya mbaya, halafu akifa mnasema ni mpira.

Mpira wenyewe ni hivi. Unachomwa dawa ya ganzi, daktari anakata sehemu ndogo pembeni mwa kifua chini ya kwapa, anapitisha mpira mpaka kwenye ile nafasi yenye hewa au damu. Upande wa pili unaishia kwenye chupa yenye maji. Hewa inatoka kupitia maji, bwi bwi bwi, lakini haiwezi kurudi kwa sababu maji yameziba njia. Basi. Njia hii ina zaidi ya miaka 100 duniani na mpaka leo haijapatikana rahisi kuishinda. Karibu tisa kati ya kumi ya walioumia kifua kwa kugongwa au kuanguka hawahitaji kupasuliwa kifua kabisa. Wanahitaji dawa ya maumivu, oksijeni, na baadhi yao huo mpira.

Wewe unayeuguza, kazi yako ni chupa. Chupa ikae chini kuliko kifua muda wote. Mnapomhamisha kwenda eksirei usiipakate kwenye mapaja yake wala kuinyanyua juu ya kitanda ili kupisha mfagiaji, maji yatarudi kifuani. Usiumwage, usiukunje wala kuufunga mpira, usimlalie juu yake. Ukiona maji kwenye ule mrija yanapanda na kushuka kwa pumzi, ni vizuri, mpira unafanya kazi. Ukichomoka, bonyeza kitambaa mahali pale na piga kelele tuje, usione aibu. Ukijaa damu nyekundu mpya ghafla, piga kelele zaidi. Na mwambie apulize pumzi, akae, atembee na chupa yake mkononi chini ya kiuno. Mtoto wetu kaipa chupa yake jina, anaiita mbuzi, anaitembeza.

Na muulize nesi. Wengine tunajibu vibaya tukichoka, nakubali, na mimi nimo. Uliza hivyo hivyo.


SEHEMU YA 6

Mwisho nataka kusema mambo ambayo huenda mkanikasirikia.

La kwanza ni tangi la pikipiki. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Hapa kwetu tukisikia ajali tunakumbuka Kitonga, tunakumbuka Changarawe pale Mafinga, Machi 11, 2015, kontena la lori lilipoliangukia basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam na watu zaidi ya 40 wakafa. Hizo zinatangazwa. Zinazotujazia wodi ni hizi za mwendo wa taratibu, mita mia mbili kutoka nyumbani, ambazo hata polisi hawajui. Mtoto aliyekaa kwenye tangi ana usukani mbele ya kifua na kilo 70 za dereva nyuma yake. Pikipiki ikisimama ghafla, yeye ndiye mto wa kati. Na wa mgongoni kwenye mbeleko, mama akiangukia mgongo anaangukia mtoto.

Mtaniuliza akae wapi. Hapo sina jibu tamu. Kama miguu yake haifiki pa kukanyagia, kwenye pikipiki hana mahali salama. Najua nauli ya bajaji ni kubwa kuliko ya bodaboda na najua daladala haifiki kila mtaa. Mimi mwenyewe nimewahi kupanda mshikaki na wanangu wawili, mvua inanyesha, giza limeingia, sikuwa na ujasiri wa kutembea. Siwahukumu. Lakini angalau tuache kumweka mbele kwa sababu anapenda kushika usukani. Dereva akisema "mweke tu hapa mama", mwambie hapana, na akinuna atafute abiria mwingine. Pia nawaambia akina baba wenye pikipiki zao: mkanda wa gari hamna, lakini akili mnayo.

La pili ni ulanzi. Msimu wake ukifika tunajua hata bila kalenda, kwa wanaoletwa usiku. Mtu kaanguka mtaroni, kapigwa ngumi, kaangukia kizingiti. Tatizo la mlevi ni kwamba hasikii maumivu na wenzake wanasema "mwacheni alale, pombe itamtoka". Mlevi aliyeanguka naye ahesabiwe pumzi. Kama anakoroma tofauti na siku zote, hajalewa tu.

La tatu naliandika taratibu.

Dada unayekuja na ubavu umevimba na kuniambia "niliteleza bafuni". Wengine kweli huteleza. Lakini bafu halimpigi mtu kushoto na kulia, mbele na nyuma, na halimwachii alama ya kiatu. Sitakuumbua mbele ya mume wako. Nitakachofanya ni kumwomba akalipie eksirei dirishani, na akishatoka nitakuuliza mara moja tu. Ukitaka kuniambia, niambie. Kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo unapata matibabu, polisi na ushauri mahali pamoja. Ukiwa hujawa tayari, bado tutakutibu sawa na mwingine. Ila usinifiche ulipigwa na nini, maana ngumi, teke na ubao vinaumiza tofauti ndani, na mimi nikidanganywa naweza kukurudisha nyumbani na bandama inavuja.

Na mtoto mchanga. Mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa hawezi kujivunja mbavu. Tukiziona kwenye picha tutauliza maswali, nani alikuwa naye, nani anamwogesha, nani akikasirika anamtikisa. Mama usiseme nesi ananituhumu. Mara nyingi mama mwenyewe hajui, alikuwa sokoni anahangaika, mtoto kaachwa na dada wa kazi wa miaka kumi na minne au na mtu aliyechoshwa na kilio. Namba ya simu kwa mtoto ni 116, ni bure, na jirani naye anaweza kupiga.

Leo nimepita kumwona yule kijana wa mbuzi. Mapovu kwenye chupa yameacha kutoka tangu jana, kesho watampiga picha nyingine, ikiwa nzuri mpira utatolewa. Kaniuliza kama mbuzi wake atakwenda naye nyumbani. Nimemwambia hapana, mbuzi ni wa serikali.

Nina zamu ya usiku kesho na keshokutwa. Wenye maswali niachieni, nitajibu nikiamka. Ila msinitumie picha za eksirei kwenye simu niwasomee, mimi ni nesi, na picha ya picha haionyeshi kitu. Nitumieni idadi ya pumzi. Uji wa lishe ni Jumapili.